Ushuhuda Usiotiwa Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kusimulia Miujiza kwa Kweli

"Madaktari walishangaa." Maneno haya nimeyasikia kwenye ibada, mikesha na mikutano ya injili hapa Mwanza mpaka nimeacha kuyahesabu. Nimeyasema na mimi mwenyewe, nikiwa nimeshika maiki, Jumapili ya shukrani, kanisani kwetu Igoma. Hakuna daktari aliyeshangaa.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alipigwa ultrasaundi, akaambiwa ana uvimbe wa maji kwenye ovari. Daktari alimwambia arudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu uvimbe wa aina ile mara nyingi huondoka wenyewe. Tukafunga, tukaomba, tukakesha. Miezi mitatu ikatimia, kipimo cha pili hakikuonyesha kitu. Basi nikasimama mbele ya kanisa na kusema uvimbe ulikuwa mkubwa, upasuaji ulishapangwa, madaktari walikata tamaa, na walipoona picha ya pili wakashangaa. Vigelegele vikapigwa, ngoma ikaitikia. Ile "huondoka wenyewe" niliiacha nyumbani.

Wiki chache baadaye mama mmoja wa kanisani, aliyekuwa na uvimbe kwenye titi na miadi ya kutolewa kinyama cha kupima, aliacha kwenda. Nilipomuuliza alinijibu kwa furaha kabisa: "Mungu aliyeyeyusha uvimbe wa mdogo wako ndiye Mungu wangu, dada." Alirudi hospitali baada ya miezi minane, titi likiwa limeshafunguka kidonda. Tulimzika kwao Magu. Sisemi ushuhuda wangu ndio uliomuua. Hilo silijui, na alikuwa na hofu zake nyingine, za nauli na za kisu. Ninachojua ni kwamba alipotaja sababu zake, mimi nilikuwamo.

Naamini Mungu anaponya. Nimeona mambo ambayo mpaka leo sina maelezo yake, na sitaki mtu asome mwongozo huu akidhani nataka kufunga vinywa vya wanaoshukuru. Nataka tushukuru kwa kweli. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu (Ayubu 13:7), na Paulo aliona kuwa shahidi wa uongo kuhusu Mungu ni jambo la kutisha hata pale habari yenyewe inapokuwa nzuri kama ufufuo (1 Wakorintho 15:15). Amri ya tisa haina kifungu kinachosema "isipokuwa kwenye ushuhuda".

Hatua zifuatazo tumezijaribu kanisani kwetu, ambako mimi ni mzee wa kanisa na kazi yangu ni kupokea shuhuda kabla ya ibada.

Hatua ya 1: Andika kabla hujasimulia

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika "Tunajua", upande wa pili "Hatujui". Sikuibuni mimi. Ni namna wazazi wa yule kijana aliyezaliwa kipofu walivyojibu walipobanwa na Mafarisayo: tunajua huyu ni mtoto wetu, tunajua alizaliwa kipofu, lakini jinsi anavyoona sasa hatujui (Yohana 9:20-21). Walikuwa na hofu, ni kweli, na mwandishi wa Injili hafichi hofu yao. Hata hivyo ule mgawanyo ni safi. Na kijana mwenyewe, ambaye hakuogopa mtu, alifuata mstari uleule: kama yule mtu ni mwenye dhambi, sijui, najua neno moja, nilikuwa kipofu, sasa naona (Yohana 9:25). Ushuhuda wenye nguvu kuliko wote katika sura ile una "sijui" ndani yake.

Andika mapema, siku ileile au wiki ileile. Habari ikisimuliwa mara tano bila kuandikwa inakua kama mtoto. Mara ya kwanza homa ilikuwa ya siku mbili, ya tatu imekuwa wiki, ya tano mtu alishakata roho. Hakuna aliyekaa akapanga kudanganya. Kila msimuliaji aliongeza punje moja tu ya chumvi.

Ukurasa wangu, kama ningeuandika wakati ule, ungekuwa hivi. *Tunajua:* mdogo wangu alikuwa na maumivu ya tumbo la chini. Kipimo cha kwanza kilionyesha uvimbe wa maji. Daktari alisema unaweza kuondoka wenyewe. Tuliomba miezi mitatu. Kipimo cha pili hakikuonyesha uvimbe. Maumivu yameisha. *Hatujui:* kama ungeondoka hata bila maombi. Kama utarudi. Daktari aliwaza nini.

Soma tena upande wa kwanza. Hapo pana shukrani ya kutosha kabisa. Dada yangu alikuwa anaumwa, sasa haumwi, na miezi mitatu ya hofu Mungu alituvusha. Kwa nini niliona haitoshi? Hilo ndilo swali ambalo kila mtoa ushuhuda anapaswa kujiuliza akiwa peke yake.

Hatua ya 2: Jua kilichokuwepo mwanzo

Huwezi kusema kitu kimeondoka kama hujui kilikuwepo. Mtu akija kwangu na kusema "nimepona kansa", namuuliza kwa upole: nani alikwambia ni kansa? Mara nyingi jibu ni kwamba alihisi uvimbe, jirani akamwambia ni kansa, au nabii alimfunulia kwamba ana kansa, na kisha nabii yuleyule akamwambia imeondoka. Hapo tulicho nacho ni hofu iliyokuja na hofu iliyoondoka. Kuondolewa hofu ni jambo la kushukuru, lakini liitwe kwa jina lake.

Tenganisha mambo matatu: ulichohisi, ulichoambiwa na mtu, na kilichoonyeshwa na kipimo. Kama una kadi ya kliniki au cheti cha maabara, kisome. Kama hukielewi, mwombe muuguzi akusomee. Jiji letu limejaa wauguzi waumini. Hakuna kanisa Mwanza lisilo na mtu anayefanya kazi Bugando, Sekou Toure au kwenye zahanati ya mtaani. Sisi tuna dada mmoja mkunga, na kila ushuhuda wa uponyaji humpitia yeye kwanza.

Ametufundisha mengi ambayo yamebadilisha namna tunavyosikiliza, nami nayaweka hapa kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

*Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU.* Ushuhuda huu tumeusikia: mtoto alipimwa akiwa na miezi tisa akakutwa "anao", tukaomba, alipofikisha mwaka na nusu akakutwa "hana". Mtoto mchanga hubeba kingamwili (askari wa mwili) za mama yake, na zinaweza kubaki mwilini mwake mpaka karibu miezi 18. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, kwa hiyo kinaweza kusoma "anao" kwa mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa. Ndiyo maana kliniki huchukua matone ya damu ya mtoto kwenye karatasi, kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita, kutafuta kirusi chenyewe. Mama huyu ana kila sababu ya kucheza mbele za Bwana: mtoto wake hakuambukizwa. Akisema "mtoto wangu alikuwa na UKIMWI akapona", mama mwingine mwenye mtoto aliyeambukizwa kweli anaweza kuacha kumpa dawa.

*"Virusi havionekani."* Mtu anayemeza dawa zake vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kurudi kikisema havionekani. Hiyo ni habari njema sana. Maana yake dawa imevilaza virusi mpaka kipimo hakivifikii, navyo bado vimo mwilini. Akiacha dawa, kwa kawaida huamka ndani ya wiki chache. Na kuna jambo wengi hawalijui: mtu aliye kwenye dawa akijipima mwenyewe kwa kipimo cha mate, kinaweza kusoma "hana" ilhali anavyo. Cheti cha namna hiyo kisipandishwe jukwaani kamwe.

*Kifua kikuu.* Dawa za kawaida ni za miezi sita, na mgonjwa hujisikia mzima ndani ya wiki chache tu. Hapo ndipo anapotamani kushuhudia. Ashuhudie, lakini dozi iendelee mpaka mwisho.

*Presha.* Kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu anayo, wala kimoja hakitoshi kusema imeondoka. Mtu aliyepanda kilima cha Mabatini kwa miguu akapimwa papo hapo atakuwa na namba moja. Baada ya kukaa na kutulia atakuwa na nyingine.

*Kichocho.* Watoto wetu wa kando ya ziwa wanakipata, na shuleni hugawiwa dawa ya praziquantel. Mama anaweza kuona damu kwenye kinyesi cha mtoto imekatika baada ya maombi ya Jumapili, asijue kwamba Alhamisi mtoto alimezeshwa vidonge darasani. Muulize mtoto.

*Kifafa.* Kinaweza kukaa kimya miezi kadhaa kisha kikarudi bila hodi. Kijana mvuvi aliyetangazwa kuwa amepona, akaacha vidonge na kurudi mtumbwini, tumemweka kwenye hatari ambayo hakuichagua mwenyewe. Tulimchagulia sisi.

Sitoi orodha hii ili kila ushuhuda uzimwe kwa maelezo ya hospitali. Dawa ikifanya kazi, muumini bado anamshukuru Mungu aliyempa daktari akili. Ninachokataa ni kuificha dawa ili muujiza uonekane mkubwa.

Hatua ya 3: Uliza swali la Bethsaida

Bethsaida ilikuwa kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kama Igombe au Kayenze. Yesu alimtoa kipofu nje ya kijiji, akamwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu akatazama, akasema anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea (Marko 8:22-25).

Fikiria jinsi ilivyokuwa rahisi kusema "naona vizuri, Bwana!" Amesimama mbele ya Mwana wa Mungu, wanafunzi wanamtazama. Lakini alisema alichoona: ukungu na miti. Yesu hakumkemea kwa kukosa imani wala hakumwambia "ikiri uponyaji wako mpaka uupokee". Aliweka mikono tena, na kazi ikakamilika. Kama yule mtu angedanganya, huenda angerudi nyumbani akigonga watu barabarani.

Kwa hiyo unapomwombea mtu, muulize swali lenye majibu zaidi ya moja. "Unajisikiaje sasa?" ni swali. "Umepona, sivyo? Sema umepona!" ni amri, na mgonjwa aliyezungukwa na watu mia tano ataitii. Nimewaona watu kwenye mikutano ya viwanja vya Furahisha wakitupa magongo, wakatembea hatua kumi kwa nguvu ya kelele zetu, kisha wakabebwa na ndugu zao nyuma ya gari la vyombo vya muziki. Ile safari ya nyuma ya gari hakuna aliyeirekodi.

Jifunze kusema, na kuruhusu wengine waseme: "Maumivu yamepungua, hayajaisha." "Naona afadhali tangu juzi." "Sijaona tofauti bado, naomba mwendelee kuniombea."

Hatua ya 4: Subiri, halafu tazama tena

Yesu alipomtakasa mwenye ukoma alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani (Marko 1:44). Kuhani wa Agano la Kale alikuwa na utaratibu: alitazama, akamtenga mtu siku saba, akatazama tena (Walawi 13). Uchunguzi haukuonekana kuwa dharau kwa Mungu. Aliuagiza mwenyewe.

Wakatoliki wana uzoefu mrefu wa jambo hili. Huko Lourdes, Ufaransa, kuna ofisi ya madaktari tangu 1883 inayochunguza habari za watu waliopona. Zaidi ya habari 7,000 zimeandikishwa. Zilizotangazwa na Kanisa kuwa miujiza ni kama 70 tu. Vigezo vyao vinatokana na kazi ya Prospero Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 14 katika karne ya 18: ugonjwa uwe mzito na wa hakika, kupona kuwe kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na matibabu yasiweze kueleza kilichotokea. Mimi si Mkatoliki, lakini nawaheshimu kwa hili: waliona aibu ya kutangaza uongo ni kubwa kuliko furaha ya kutangaza haraka.

Igoma hatuna ofisi ya madaktari. Tuna utaratibu mdogo. Maumivu ya kawaida: subiri mwezi mmoja. Ugonjwa wenye kipimo: subiri kipimo cha pili, na kama daktari ametaja tarehe ya kurudi, subiri hiyo tarehe. Kansa hatuitangazi kuwa imepona. Mwenye nayo anaweza kutoa shukrani kila mwaka aliojaliwa, na tunaimba naye. Mtu akikosa subira, anashukuru kwa jambo aliloliona mpaka leo, neno "nimepona" linabaki akiba.

Hatua ya 5: Hesabu samaki

Miujiza ya riziki ina chumvi yake. Pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, utasikia: mtumishi aliombea mitumbwi, usiku uleule dagaa wakajaa. Sasa muulize mvuvi yeyote wa dagaa kuhusu mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki kwenye mwanga, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Kama maombi yalifanyika mwisho wa mbalamwezi, giza lilikuwa linarudi hata hivyo. Mvuvi analijua hilo. Mgeni aliyekuja na mkutano wa wiki moja halijui, naye ndiye atakayelisimulia Dar es Salaam.

Yohana 21 inanifurahisha hapa. Wanafunzi wamekesha bila kitu, asubuhi Bwana anawaambia watupe nyavu, wanapata. Na mwandishi hasemi "samaki wasiohesabika". Anasema 153. Kuna mtu alikaa pale ufukweni akawahesabu, mmoja mmoja, na hesabu ile haikupunguza utukufu wa asubuhi ile hata kidogo.

Basi hesabu. Ndoo ngapi? Kwa kawaida unapata ngapi kipindi kama hiki? Deni lilikuwa kiasi gani, na nani alililipa? Mara nyingi kuna mtu: shemeji aliyetuma pesa kwa simu, mwanakikundi wa VICOBA aliyekudhamini. Mungu hujibu kwa mikono ya watu, nao wana haki ya kutajwa, au angalau kutofutwa.

Hatua ya 6: Ukiokoka ajali, kumbuka walio mbele yako

Kila ukoo wa visiwani na pwani hii una habari ya maji. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa; siku mbili baadaye waokoaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, sehemu iliyobaki na hewa. Wengi waliita muujiza, na mimi nililia nilipoisikia.

Lakini nimekaa kwenye ibada ambapo mtu alisimulia alivyochelewa kivuko siku ile, akasema: "Mungu hawezi kuruhusu watoto wake wafe majini." Safu ya tatu alikaa mama aliyezika wawili. Watoto wale walibatizwa.

Sema kilichokutokea. Ulichelewa, hukupanda, uko hai, unashukuru. Usitoe sababu ambazo hukupewa. Usiseme "kwa sababu niliomba asubuhi", kwa maana waliozama nao waliomba asubuhi. Na kama unajua kuna mfiwa kwenye ibada, mfuate kabla hujashika maiki, umwambie utakachosema. Mara mbili nimeona mfiwa akiomba mtu asiseme siku hiyo, na mara zote mbili ilikuwa sawa.

Hatua ya 7: Omba ruhusa ya mwenye habari

Ugonjwa wa mkeo ni wa mkeo. Habari ya mtoto wako atakuja kuibeba yeye atakapokuwa sekondari na wenzake wameona klipu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, muulize mwenye mwili wake. Akisita, umeshapata jibu.

Hatua ya 8: Chagua maneno

Siku ya kusimulia, kaa na karatasi yako na uyapitie maneno yanayokuja yenyewe mdomoni.

Badala ya "madaktari walikata tamaa", sema daktari alisema nini, kwa maneno yake. Kama huyakumbuki, ruka. Badala ya "nilikufa nikafufuka", sema "nilizimia, sijui kwa muda gani, walionizunguka walidhani nimekufa". Badala ya "papo hapo", taja siku. "Watu wengi walipona" inatakiwa iwe na watu unaoweza kuwataja kwa moyo wako hata usipowataja kwa sauti. Na "Mungu aliniambia", kama lilikuwa wazo lililokujia ukiwa unaoga, sema lilikuja wazo, ukalipokea kama sauti yake. Kwangu mimi neno hili la mwisho ni zito kuliko yote, maana hakuna anayeweza kumpinga mtu aliyeambiwa na Mungu.

Dada mmoja wetu alitoa ushuhuda huu mwaka jana, nao umekuwa kielelezo chetu:

"Bwana Yesu asifiwe. Nilikuwa na kifua kikuu, nilipimwa nikakutwa nacho. Nimemeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Mwezi wa pili nilitaka kuacha, zilikuwa zinanichefua. Mama Mchungaji na wenzake walikuja nyumbani kila Ijumaa wakaomba nami, na baada ya hapo nikawa naweza kuzimeza. Sijui ni maombi au ni kuzoea, lakini mimi nashukuru. Nimepimwa, sina tena. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende akapime. Amina."

Haikuchukua dakika mbili. Wiki ile watu wanne walikwenda kupima.

Hatua ya 9: Kwa mchungaji, mzee na mshika maiki

Mlango wa ushuhuda uko mikononi mwenu. Sikiliza habari pembeni kabla haijapanda madhabahuni; dakika tano zinatosha. Andika jina, tarehe na kilichosemwa kwenye daftari moja linalobaki kanisani. Mwezi ukiisha, mpigie mtu simu: unaendeleaje? Hatua hii ya simu ndiyo inayorukwa kila mahali, na ndiyo inayofundisha zaidi. Mwaka wa kwanza tulipoanza, simu zile zilitunyamazisha.

Usiunganishe ushuhuda na mauzo. Mtu asisimulie uponyaji dakika moja kabla ya chupa za mafuta kupitishwa kwa bei, kwa maana hapo ushuhuda umegeuka tangazo na shahidi amegeuka dalali. Usimpe mtu nauli na chakula ili aje kushuhudia. Mgeni asiyejulikana na mtu yeyote, anayeomba nafasi jukwaani siku ya kwanza, apewe chai na kiti.

Msikilizaji akisema "nitaacha dawa", hapo usingoje pembeni. Shika maiki sekunde ileile, kwa upole, useme: "Ndugu yetu ataendelea na dawa mpaka daktari wake aseme." Aibu hiyo ndogo inavumilika.

Na kila mara, wapeni nafasi wasiopona. Paulo alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), akaiandika bila kuona haya. Sisi tuna Jumapili moja kila mwezi ambapo mtu anaweza kusimama na kusema ameomba miaka saba na bado anaumwa. Mwanzoni palikuwa kimya kizito. Siku hizi ndiyo Jumapili inayojaa.

Hatua ya 10: Klipu kwenye simu

Kabla hujasambaza, uliza: ni wapi, lini, nani? Kama hakuna hata kimoja, iishie kwako. Wenye umri wetu tunaukumbuka mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, kilichosemwa kuwa kinaponya magonjwa sugu. Habari zilisafiri kwa simu kuliko kwa kitu kingine chochote, na wapo wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini wakapandishwa kwenye magari. Wakati ule simu nyingi zilikuwa za ujumbe mfupi tu. Leo kidole kimoja kinafikisha habari kwa makundi kumi kabla chai haijapoa.

Hatua ya 11: Ukikosea, sahihisha palepale ulipokosea

Kutubu chumbani hakumfikii aliyesikia ibadani. Uliposema kwa maiki, sahihisha kwa maiki. Usijitetee, usieleze kwa muda mrefu, usimtaje mwingine. Sema ulichosema, sema kweli ilikuwa nini, keti.

Nilifanya hivyo mwaka uliofuata baada ya mazishi ya Magu. Nilisema: "Nilisimama hapa nikasema madaktari walishangaa. Hawakushangaa. Daktari alishatuambia mapema kwamba uvimbe ule unaweza kuondoka wenyewe, na mimi nilificha. Naomba mnisamehe." Hakukuwa na vigelegele. Mzee mmoja alinifuata nje akaniambia nimewavunja moyo watu wachanga kiroho, na mpaka leo hajabadili mawazo. Tunasalimiana, tunaheshimiana, hatukubaliani. Mjane wa kiti cha nyuma alinishika mkono asiseme kitu.

Ushuhuda wa kwanza ulirekodiwa na kijana wa vyombo. Wa pili haukurekodiwa. Ile klipu ya kwanza bado inazunguka, imekatwa mwanzo na mwisho, na kila mwaka inanirudia kutoka kundi nisilolijua, Geita, Bunda, safari moja hata kutoka Bukoba. Kila inaponifikia naandika chini yake: "Huyu ni mimi. Nilichosema hapa kuhusu madaktari hakikuwa kweli. Mdogo wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Kama una uvimbe, usikose miadi yako."